Kuchimba Dawa

Kwenye mabasi ya kwetu, konda akisema tuchimbe dawa
hakuna anayeshika jembe.
Watu wanashuka, wanaume kushoto, wanawake kulia,
wanarudi wepesi, wanabandua mbegu za nyasi kwenye pindo.
Miaka tisa nililicheka neno hilo
nikiendesha fuso la korosho, Newala mpaka bandarini.

Sasa dawa ndiyo inayonichimba.
Inaanza siku ya tatu baada ya dripu,
kama mgeni anayejua mlango wa nyuma,
na mimi niliyeendesha tani kumi gizani
naendeshwa na utumbo
uliokatwa kipande, ukashonwa, ukarudishwa kazini.

"Umri?" aliuliza daktari.
Thelathini na mbili.
Akaitazama karatasi mara ya pili
kama risiti yenye makosa.
Kabla yake wawili walishasema bawasiri;
mmoja alilaumu pilipili, mwingine kiti cha gari.
Bado kijana wewe, walisema.
Kijana nikaitazama damu chooni miezi kumi na moja
bila kumwambia Somoe.

Nimejifunza hesabu nyingine:
kutoka kitandani hadi chooni hatua ishirini na sita,
usiku thelathini, maana lazima kuizunguka kamba ya mbuzi.
Safari tisa kabla ya adhana ya alfajiri.
Na huku juu maji tunanunua.
Ndoo bei yake ni ileile,
iwe ya kuoga, iwe ya kuficha aibu.
Somoe ananunua, hasemi.
Huko kutosema kunanikata kuliko kile kisu.

Wiki nyingine ni kinyume.
Kidonge cha kuzuia kichefuchefu kinafunga kila kitu,
tumbo linakuwa gunia
lililopimwa, likashonwa, likasahauliwa ghalani
na mnada umeahirishwa.

Na ulimi! Ming'oko ya mama,
niliyozoea kuimenya ingali na moshi,
ina ladha ya msumari.
Mbaazi marufuku.
Mabibo yananukia uani kote, ndiyo kwanza msimu,
nayapita kama mdeni anavyolipita duka.
Uji wa mchele. Chumvi kidogo. Uji wa mchele.
Maji ya mtungini yananiunguza vidole kwa ubaridi wake;
Sista Hermina alinionya, nikadhani ni utani.

Nilimwuliza pia, kwa sauti ya chini,
wagonjwa wa rika langu wanafanyaje njiani.
Akanyoosha kidevu kuelekea kitanda cha dirishani:
binti wa Nachingwea, anasomea ualimu,
kando yake kikapu, kanga mbili, pakiti ya nepi.
"Hata mtoto sina," akasema binti mwenyewe,
akacheka yeye, nikacheka mimi,
mpaka mirija ya dripu ikatikisika
na Sista akatukemea kwa jina la Bwana.

Mzunguko wa tano, Ausi alinifuata na fuso.
Alikuwa utingo wangu; sasa usukani ni wake.
Sikula tangu jana yake, nisije nikamchafulia kiti
kilichokuwa changu.

Kabla ya Mahuta nilishika mlango tu, sikusema neno.
Akasimamisha.
"Kaka, nimebanwa," akasema,
akashuka upande wake, akapotelea mikoroshoni.
Nikashuka wangu.
Tukipita Tandahimba, kabanwa tena.
Nanyamba haijafika, tena.
"Chai ya mke wangu hiyo," akalalamika, "maji matupu."

Mara ya nne nilitangulia kumaliza.
Nikamwona kwenye kioo cha pembeni:
amesimama nyuma ya mkorosho, mikono mfukoni,
hachimbi chochote,
anabandua gome kwa ncha ya kiatu,
anasubiri asikie mlango wangu umefungwa.

Nikaufunga kwa nguvu, asikie.