Mkasi Kabla ya Sakitu

Redio imesema usiku wa leo ni digrii mbili chini ya sifuri,
na ni Agosti tarehe ishirini na nane tu,
viazi bado vina maua.
Huku Kainuu kiangazi ni mgeni asiyevua viatu:
hujamwekea chai, keshaaga.

Natoka na mkasi wa kushonea,
ule wa marehemu mama, ambao ilikuwa mwiko kukatia karatasi.
Nimengoja umande ukauke, wala si kwa subira:
mwaka juzi nilikata mibichi, ikaota ukungu
mweupe kama ndevu za Tauno.

Oregano yangu haijui kuwa iko mbali na kwao.
Ilikuja katika kikopo cha mtindi, mashina matatu,
zawadi ya fundi Mgiriki aliyeezeka paa la shule,
akakaa kipupwe kimoja, akasema basi, imetosha.
Yeye alikimbia. Mmea ukabaki.
Vipupwe tisa umelala chini ya theluji ya kufika kiunoni,
na kila Mei unachomoza, mwekundu kidogo puani,
kama mtoto aliyekatazwa kutoka nje akatoka.

Dada yangu Lempi hupiga simu kutoka Oulu:
"Umekata kabla haijachanua?"
Nasema ndiyo.
Imechanua, zambarau hafifu, nyuki wamelewa juu yake.
Lakini Lempi yuko kilomita mia mbili na ushee, haoni,
na mimi naamini jani lililochelewa lina mengi ya kusema.
Mtaka cha mvunguni huinama;
mtaka cha bustani ya kaskazini huinama mapema,
mgongo ukitaka kulalamika, upange foleni.

Nakata, naacha kimo cha kidole juu ya udongo,
mmea uwe na pa kuanzia.
Shina moja siligusi. Hilo la nyuki.
Wao hawana redio.

Nafunga vitita kwa raba, si kwa uzi:
kinachokauka hunywea,
uzi hukiachia, raba hukifuata.
Hili sikufundishwa na mtu. Nililiokota sakafuni
pamoja na majani.

Tanuri, hapana. Tanuri lilinipa nyasi za ng'ombe.
Navitundika saunani, juu kwenye mapao,
joto la jana bado limelala ndani ya mawe.
Vitita kumi na saba, vichwa chini,
popo wa kijani.

Jumamosi nikaenda dukani.
Narudi, dohani inafuka.
Tauno, shemeji yangu, msaidizi asiyeulizwa,
amewasha sauna, amejaza ndoo,
yuko juu ya benchi, keshamwagia mawe kata ya tatu,
na mvuke wote, wote, ni oregano.
"Kerttu," ananiita kupitia mlango, "leo umetia nini humu?"

Nilikuwa na maneno. Yalikuwa mdomoni, yamepangwa.
Harufu ikanitangulia:
kilima cha jua nisichowahi kukiona, mawe ya moto,
mbuzi mmoja, labda wawili,
fundi akipiga mluzi juu ya paa.
Nikajifunga taulo, nikaingia, nikakaa benchi ya chini.
Tukanyamaza. Tukaiva.
Mwishowe akasema, "Imepungua karoti tu."
Nikacheka mpaka nikapaliwa.
Tangu Veikko afe, humo ndani nilikuwa naoga tu.

Vitita vitano vilipona, vile vya karibu na dirisha.
Chupa moja ya jemu, nayo haikujaa.
Nikaibandika karatasi: oregano, mwaka,
na chini yake, kwa herufi ndogo, *iliyobaki*.

Sasa ni Januari, Alhamisi, siku ya supu ya njegere.
Saa tisa alasiri, dirishani giza tupu.
Nasugua majani viganjani juu ya sufuria,
simu nimeibana kwa bega.
Lempi anauliza ya safari hii ikoje.
Nanusa mikono. Kuna moshi wa mbetula kidogo,
kuna sabuni ya Tauno, naapa.
"Imekauka vizuri," namwambia.
Ni kweli, kwa kiasi chake.