Ngamani, Mtaa wa Maringo

Wasike nilimdai elfu themanini.
Akanilipa kwa magurudumu: trela yenye kutu,
juu yake mashua ya injini, futi kumi na sita,
imeinama upande kama ng'ombe asiyetaka kuuzwa.
Hapa Maringo, ambapo maji ya karibu ni ya mfereji,
na mfereji wenyewe una siku zake.

Darasa la saba nilijaza pengo kwenye mtihani:
*Hata ukienda tezi na omo, marejeo ni...*
Nikaandika "ngamani", nikapata alama yangu,
kisha nikaishi miaka arobaini, thelathini juu ya nguzo za simu,
bila kujua ngama ni nini.
Niliijua Jumamosi moja, saa nne asubuhi,
sakafu ilipobonyea na mguu ukazama hadi pajani
katika plaiwudi laini kama mkate uliosahauliwa kwenye chai.

Marejeo, kweli.

Nikakwangua. Nikapiga msasa, namba themanini,
kisha mia na ishirini. Vumbi la faiba
likaniingia shingoni, likawasha kuliko upupu.
Resini niliipima kwa kifuniko cha dawa ya kikohozi;
kigandishi, kwa matone. Siku ya kwanza nilizidisha,
kopo likafoka moshi mkononi mwangu
na Kerubo akatoa kichwa dirishani:
"Pesa ya moshi huo ingejaza mtungi wa gesi."
Sikumjibu. Nilikuwa nahesabu matone.

Nyaya, hizo tulijuana.
Kila moja na fyuzi yake, na kibandiko: TAA. HONI. PAMPU.
Nimeunganisha watu wasioonana maisha yangu yote;
sasa nimeunganisha swichi na kitaa cha kijani
kitakachowaambia samaki kwamba nimepita.

Impela niliipata Barabara ya Kirinyaga,
kwa muuzaji aliyeapa ni ya Yamaha,
na nilipomuuliza tena, akaapa inafanana nayo.
Niliipunguza kwa wembe. Ikaingia.
Injini ndani ya pipa ilikohoa mara tatu,
kisha ikatoa mkojo mwembamba, ulionyooka,
kama kichanga unapombadilisha nepi.
Nilipiga makofi peke yangu.

Lakini mashua haiulizwi kwa nje.
Unaikingia matofali, unaijaza maji ndani,
unalala chini yake chali
ungoje ikuonyeshe yenyewe inapolia.
Niliita bauza, lita elfu moja, nikalipa.
Mfereji ulikuwa umekauka siku ya tisa.

Nilikuwa chini, tochi mdomoni,
nimetia chaki alama mbili kwenye mkuku,
nilipoona miguu. Ndara za bluu.
Ndara zisizolingana. Viatu vya shule bila kamba.
Hakuna aliyebisha hodi. Nikasikia ndoo
ikigonga ubavu, na nyingine, na jagi.
"Yana resini hayo!" nikapaza sauti. "Si ya kunywa!"
"Ni ya choo," Nanjala akajibu, "na ya kufulia.
Wewe endelea kulala."

Nikaendelea kulala.
Tone la tatu lilikuwa likidondoka upande wa kushoto,
polepole, kama mtu anayefikiria.
Juu yangu wakachota, maji yakashuka,
na tone likakoma. Hapo ndipo ulipo ufa:
kimo cha ndoo ishirini na saba.
Nisingeupata kwa fundi yeyote Nairobi.

Nilipotoka, mgongo mbichi, giza linaingia,
mashua ilikuwa karibu tupu.
Ndani yake Kerubo, gauni limefungwa kiunoni,
amepiga magoti, anachota ya mwisho kwa kata.
Hakuniangalia.
Aligonga sakafu mpya kwa kisigino cha mkono,
mara moja, mara mbili, akasikiliza.
"Haichezi," akasema.
Akanipa beseni nimshikie, ashuke.