Mpangaji wa Folda ya Tisa

Brno, mwezi wa pili. Theluji imelala juu ya nyaya za tramu
na Zbyněk, siku yake ya pili kazini, ananiita:
"Radmila, folda hii ni tupu."

Si tupu, nikamwambia. Ni chumba kilichofungwa,
anwani imebandikwa mlangoni.
Humo hukaa msimbo wa Eyvindur,
mtu wa Akureyri nisiyewahi kumwona,
aliyeandika jinsi barafu inavyoshika chuma.
Mistari elfu mbili na mia tatu,
hata mmoja si wetu.

Tunachotunza sisi ni anwani yake
na herufi arobaini, alama ya usiku mmoja:
tarehe kumi na tisa Oktoba,
alipotia nukta akaenda kulala.
Akiamka akavunja ukuta, akapaka rangi,
sisi tunamjua wa Oktoba,
mpaka siku tutakayotamka wenyewe: haya, sogea.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Huyu mwaka wa sita hatujampa hata ufagio.
Ana matawi yake, makosa yake, kumbukumbu zake;
ukisimama ndani ukauliza nani aliandika hapa
hulisikii jina la mtu wa Brno.

Nikamfundisha Zbyněk amri ya kubisha hodi.
Akabisha.
*Hazina haipo.*
Akabisha tena, polepole, kana kwamba tatizo ni vidole.
Hazina haipo.

Siku nne baadaye dada yake, Steinvör, akajibu barua yangu:
alitutoka Desemba, akaunti tukaifunga,
hatukujua kama kuna mtu anaitumia.

Hawakujua.
Na kila alfajiri tramu namba nane
ilipunguza mwendo mteremkoni, pale hospitali,
kwa neno lake.

Tukabaki na herufi arobaini,
ufunguo wa nyumba iliyobomolewa.

Nikashuka chini ya jengo, kwenye mashine kuukuu
ambayo hakuna anayethubutu kuizima.
Ilikuwa nayo. Nakala nzima,
kutoka Oktoba kurudi nyuma hadi siku ya kwanza,
na maelezo ya siku ile, maneno manne:
*jaribio. vidole vimekufa ganzi.*

Mkuu wetu, Přemysl, akasema imimine yote ndani yetu,
iwe yetu, yaishe. Leseni inaruhusu.
Hakukosea.
Lakini mimi nikaijengea hazina yake kwenye seva yetu,
kwa jina lake, na kwenye mradi mkubwa
nikabadili mstari mmoja tu, wa anwani.
Zile herufi arobaini sikuzigusa.

Zbyněk akanakili upya, akabisha,
chumba kikajaa.
"Na siku akibadilisha kitu?" aliniuliza,
kisha akajisikia,
akainamia kibodi.