Nguzo ya Sitini na Tatu

Linanijia palepale kila siku,
nguzo ya taa ya sitini na tatu, mkabala na kinyozi
ambaye saa hiyo bado hajafungua.
Si kwa kishindo. Kwa adabu,
kama mdai anayebisha mlango kwa ukucha mmoja.
Halafu anaingia. Halafu anakaa.
Ubavuni mwa goti, upande wa nje,
sindano ya moto.

Kupanda naweza. Kushuka ndiyo kesi.
Ngazi za nyumba yetu ya Mawaleh, kumi na nne,
nazishuka kinyumenyume, nimeshika ukuta,
na mama yuko chini na birika lake la kahawa:
"Thuwaiba, hivyo hasa nani anakufukuza?"

Wiki sita sikuwa na jibu.

Nilikuwa na pakiti ya njegere za barafu,
imeyeyuka ikaganda mpaka hakuna wa kuila;
mafuta ya karafuu ya mama, yaliyonuka gari zima;
na kiti cha plastiki msikitini, nyuma ya safu,
mie wa miaka thelathini na nane
baina ya bibi mwenye presha na bibi mwenye nyonga ya chuma,
kwa kuwa kikao cha tahiyatu kilinitoa yowe.
Bibi wa nyonga akanipigapiga paja:
"Umeanza mapema, mwanangu."
Nikacheka. Garini nikalia,
kiyoyozi mpaka mwisho, machozi yakauke upesi.

Sajimon, mtaalamu wa viungo kule Ghubra,
Kiarabu chake cha kuazima, vidole vyake vyake.
Akanilaza ubavu, akaufuata kwa gumba ule ukanda
unaotoka nyonga, ukateremka paja lote
kama kamba ya ndoo, ukafungwa chini ya goti.
"Goti halina kosa," akasema. "Goti ni shahidi.
Aliyelala kazini ni huyu."
Akabonyeza kalio langu,
nikaruka, kidogo niguse feni.

Kumbe. Miaka kumi na mmoja ya kiti cha ofisi,
kalio limestaafu bila barua,
ukanda ukabaki unashika zamu mbili.
Na barabara yenyewe ya pwani ya Sib
wameilaza kidogo kuelekea baharini
ili mvua ikija maji yateremke.
Mvua gani? Nami alfajiri zote
nakimbia upande uleule,
mguu mmoja bondeni, mwenziwe kilimani.

Basi zikaja siku zisizo na cha kusimulia.
Nimelala ubavu juu ya zulia la ukumbini,
mguu juu, mguu chini, thelathini,
mpwa wangu Muhanna akihesabu
na kuruka kumi na saba kila mara.
Gogo la sponji chini ya paja:
hapo Kiswahili kilinitoka, na Kiarabu,
nikabaki na irabu moja tu, ndefu.
Viatu mlangoni vikaota vumbi.
Kila vilipopinduka mama akavigeuza,
wala hakusema neno.

Oktoba joto lilipolegea, nikaanza upya:
nguzo moja mbio, mbili kutembea.
Watoto wa baiskeli wakanipita, wakarudi, wakanipita tena.
Wiki ya pili, mbili kwa mbili.
Wiki ya tatu goti likakohoa; nikageuza,
nikarudi nyumbani nimenuna kama bi harusi.
Wiki ya tano, sikumbuki.

Leo nimefika sitini na tatu
nikasimama kusikiliza,
kama mtu aliyezima jiko na hana hakika.
Kimya.
Na kwa kuwa siku hizi ni mpole, nimechelewa,
kinyozi nimemkuta amefungua,
anafagia nywele za jana.
Akanyanyua ufagio. Nikanyanyua mkono.
Miaka miwili napita hapa, sikuwahi kuuona uso wake.
Nikavuka barabara, nirudi kwa upande wa pili.

Nyumbani nikapanda kuoga, kisha nikashuka
uso mbele, ngazi kumi na mbili.
Mbili za mwisho nikajikuta nimegeuka,
nimeshika ukuta,
kwa mazoea.