Kilo ya Kondoo, Wete

Nilianza kwa mizani, nane hapa nane pale,
chaki yangu mkononi, ubao wetu ni ule
wa mlango wa dukani, wa tangu zama za kale,
kondoo kwa kilo ni — ngoja, futa, baba anasema futa.

Nikafuta kwa kiganja.
Elfu kumi na mbili ikabaki kivuli cheupe
chini ya kumi na nne, na kumi na nne
haikumaliza wiki.

Hesabu nilifunzwa na ubao huu kabla ya skuli.
Nilijua kutoa kabla ya kujumlisha,
maana watu wa Wete hawaji kununua,
huja kupunguziwa.

"Kwani kondoo wako kala nini, Faki?"
akauliza Bi Kazija, siku ya kumi na sita. "Kala karafuu?"
Baba akajaribu kumweleza:
pumba yatoka Tanga, mashua yataka dizeli,
dizeli ina wenyewe, na bahari ya wenyewe inawaka moto,
meli zinazunguka bara zima kama mtu akwepaye deni,
na shilingi yetu, dola ikipiga chafya,
yeye ndiye anayelazwa.
"Mie nakuuliza kondoo," akasema,
"wewe wanisomea taarifa ya habari."

Lakini kila Ijumaa alifungua pindo la kanga,
akatoa elfu mbili, mara nyengine elfu moja na sarafu,
na baba akaandika daftarini:
*Akika ya mjukuu. Dume, kichwa cheusi. Bei ya mwaka jana.*

Ndipo akaja Mbarouk, dalali, kutoka Unguja,
viatu vyake vyaogopa matope.
Akatuonesha simu: sahani pana,
ubavu mmoja wenye nyama ya kidole,
jani la mnanaa juu, na bei ya mbuzi mzima.
Boksi la hoteli limekwama njiani, wageni wameshashuka,
anataka wabichi, analipa dola, leo.
Akamnyooshea kidole mwenye kichwa cheusi.
"Huyu ana mwenyewe," baba akasema.
"Kashalipa?"
"Analipa."
Mbarouk akacheka hadi akakaa.

Tukachinja siku ya saba baada ya hapo,
mtoto kanyolewa, kaitwa Shaame.
Baba alitenga viungo bila kuvunja mfupa hata mmoja,
taratibu, kama anayefungua barua ya mtu.
Usiku nikapiga hesabu: hasara elfu themanini na tano.
Nikaiandika kwa penseli.

Mwezi ukapita. Boksi la hoteli likafika,
wageni wameshaondoka,
na Mbarouk akaliteremsha mlangoni petu, nusu bei, bila aibu.
Mapaja kumi ya barafu, muhuri wa halali,
na jina la malisho ambalo baba alilitamka mara tatu
akaliacha.
Kwao, wasema, kondoo ni wengi kuliko watu.
Kavuka nusu ya dunia, na bado
ni rahisi kuliko wetu wa Kangagani.
Hapo hesabu yangu ilipokwama, na mpaka leo iko hapo.

Baba akagonga paja mezani. Likalia ko.
"Andika," akaniambia.
"Niandike kondoo?"
"Andika."
"Wa wapi?"
Akageuka kunoa kisu ambacho hakikuwa butu.

Bi Kazija alikuwa wa kwanza.
Akainama, akanusa, hakupata harufu ya kitu.
Akausoma ubao, akasoma na kivuli chini yake.
"Haya, nipe robo."
Baba akakata kwa msumeno, akaweka kwenye mizani,
mshale ukasimama penye robo sawasawa,
kisha, sote watatu tukiutazama,
ukaanza kurudi nyuma
kidogo
kidogo,
maji yakidondoka sakafuni.