Vidole Vinne

Nilipanda ghorofa ya Salehe, Barabara ya Nane,
kwa ngazi iliyong'oka meno mawili,
nikaegemea ukuta wenye chokaa ya kubanduka kwa kucha.
Kutoka juu, Ngamiani ni daftari la hesabu:
mistari imenyooka, barabara zina namba,
baiskeli zinapita kama nukta
zisizojua sentensi zao.

Saa saba. Jua la utosi.
Kila mtu anakanyaga kivuli chake mwenyewe.
Akatokea mmoja na foniksi nyeusi,
magunia matatu ya machungwa ya Muheza,
mgongo umepinda kama ndoana.
Nikabana pumzi, nikabonyeza.

Juu kunapunguza watu. Hilo nililijua,
ndiyo maana nilipanda.
Nilitaka yeye awe mdogo, barabara iwe kubwa,
mtazamaji aseme "maskini" kabla hajafikiri.
Nyumbani nikayavua machungwa rangi,
nikabakiza uchungu.
Ukingoni, nyuma ya gunia la mwisho,
palikuwa na vidole vinne visivyo na mwenyewe.
Nikasema, huu uchafu wa picha.
Nikavikata.

Ikasifiwa. Ikatundikwa ukumbini kwa jina la "Uzito".
Watu walisimama mbele yake, mikono nyuma,
wakitikisa vichwa,
wengine karibu kulia.

Mhina alikuja Ijumaa, kanzu imepigwa pasi.
Sikumtambua;
nilichokuwa nakijua kwake ni utosi.
Akaitazama kwa muda wa kumaliza kikombe cha kahawa.
"Baiskeli yangu. Kiraka cha gunia nimeshona mwenyewe.
Huyu mtu simjui."
Kisha akaweka kidole pembeni ya fremu,
palepale makasi yangu yalipopita:
"Na Mwantumu umemweka wapi?"

Mwantumu nani?

"Anayesukuma."

Asubuhi yake nikashuka mpaka kwenye tuta la reli,
nikapiga goti kwenye dimbwi, suruali ikanywa maji.
Kutoka chini magunia yaligusa mawingu,
Mhina akawa jitu la sanamu,
kidevu kama nanga.
Nikajiona nimelipa deni.
Mwantumu akachungulia kioo cha kamera, akacheka
mpaka khanga ikamteleza begani:
"Juzi mdudu, leo mnara.
Wewe hujui kusimama tu?"

Nikasimama.

Basi picha yenyewe ndiyo hii, si ya ukumbini.
Nguzo ya umeme imelala upande,
mtoto wa jirani amepita akala robo ya fremu,
chungwa moja limetoboa gunia, liko hewani,
na rangi yake nimeiacha.
Mhina hakunitazama; anatafuta pa kupitisha gurudumu,
amekunja uso kama mtu anayepiga hesabu ya chenji.
Urefu wake ni urefu wangu.
Na vile vidole vinne vimepata mkono,
mkono umepata bega lenye jasho,
bega limepata mdomo, na mdomo uko wazi,
maana kushoto kuna shimo:
"Kulia, Mhina! Kulia!"
kule kwa mkono,
si kule kwa macho.