Mpaka wa Nhungulo

Nilifika Nhungulo kwa pikipiki ya ofisi,
Agosti, vumbi limeshika kola,
na mkobani mwangu ramani, betri mbili za akiba,
na barua yenye mihuri mitatu
isemayo kwamba kuanzia msimu ujao
mvinyo wa hapa utaitwa kwa jina la hapa,
na wa kwingine usithubutu.

Kazi yangu ilikuwa kusema hapa ni wapi.

Kamati ilikwisha kukaa mjini, penye viyoyozi,
ikaamua: udongo mwekundu wa kokoto, ndani;
mbuga nyeusi, nje;
na pasipoeleweka, lifuatwe korongo.
Korongo lisilojua maji miezi tisa ya mwaka
likapewa cheo.

Nilimkuta Sechelela Chedego amesimama juu ya ndoo iliyofudikizwa,
mkasi mkononi, harufu ya salfa haijamtoka kangani.
Safu kumi na tatu.
Alizipanda mwaka ule watu walipokula hadi mbegu ya uwele,
vipandikizi aliviomba misheni, akavibeba
vimeviringishwa gunia bichi kama mtoto mwenye homa.
Korongo wakati huo lilikuwa njia ya mbuzi.
Mvua kubwa zikaja, zikaichimba njia,
zikaacha safu tisa huku
na nne kule.

Nikabonyeza kitufe. Mashine ikalia mara moja, kama kifaranga.
"Hizi tisa," nikasema, "ni Nhungulo."
"Na zile?"
Nikatazama karatasi. Karatasi haikuwa na neno kwa zile.
"Zile ni zabibu tu, mama."

Hakupiga kelele. Alishuka, akavuka,
akarudi na vichala viwili, kila kiganja na chake.
"Onja, mpima."
Utamu, kisha ukakasi nyuma ya ulimi,
kama chumvi iliyopiga hodi ikaghairi.
Nikaonja cha pili. Chumvi ile ile, hodi ile ile.
"Kipi kina jina?"
Nikamjibu kwamba fomu haina sehemu ya kuonja.

(Kilo yenye jina, elfu mbili na mia.
Kilo isiyo na jina, mia nane,
na hiyo ukimpata mnunuzi kando ya lami
kabla nyuki hawajampata yeye.)

Usiku nililala kwa mtendaji. Nikatoka kujisaidia,
mbalamwezi kama mchana wa maskini,
nikamwona Ndahani, mjukuu wake, kreti kichwani,
akishuka korongo upande ule, akipanda upande huu.
Hatua kumi na nne.
Nilizihesabu; kuhesabu ndiyo kazi yangu.
Kreti ilishuka ikiwa zabibu tu,
ikapanda ikiwa Nhungulo.
Kuandika nako ni kazi yangu.
Sikuandika.

Mwaka uliofuata nililetewa chupa ofisini, ya shukrani.
Lebo rangi ya maziwa, uzi wa dhahabu pembeni,
*Eneo Lililotambuliwa*,
na chini yake, kwa herufi kubwa:
NUNGULO.

Nikapiga simu. Wakanieleza, kwa adabu,
kwamba kamati iliiona ile h
ikadhani mkono wa karani umeteleza.
Tangazo limekwisha kuchapwa.
Kulirekebisha kunahitaji kikao,
na kikao kinahitaji posho.

Nikampigia Sechelela.
Alicheka hadi akakohoa.
"Basi mwanangu, sote tuko nje!
Hata zile tisa.
Sisi kwetu tukipataja, pumzi hutangulia puani.
Hao wamepaandika kama watu wenye mafua."

Chupa sijaifungua. Iko juu ya kabati la mafaili,
jina lake limepungukiwa pumzi,
na herufi moja imebaki ng'ambo ya korongo
pamoja na safu nne,
inasubiri giza,
na kijana mwenye kreti.